Mwongozo kamili: Kupanga faili la fedha za korona la shule ya chata kabla mkaguzi hajabisha hodi

Swali linalonifikia zaidi kutoka kwa Waswahili wenzangu walioajiriwa kwenye ofisi za shule za chata hapa Marekani, au waliokaribishwa kwenye bodi zake, ni hili: “Mkaguzi anataka vielelezo vya fedha za korona, tunaanzia wapi?” Anayeuliza mara nyingi ameshajaribu. Amekusanya risiti zote sandukuni, akazipiga picha, akazituma. Siku kumi baadaye zimerudi na maswali thelathini.

Ukifungua sanduku lenyewe, wizi huuoni. Fedha zilinunua kompyuta za wanafunzi, zikalipa walimu wa masomo ya kiangazi, zikabadilisha mashine za hewa. Kisichoonekana ni uzi unaounganisha dola fulani na kazi fulani, tarehe fulani na idhini fulani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbele ya serikali ya shirikisho dola isiyo na daftari ni dola ya kurudishwa, hata kama mtoto bado anaibeba ile kompyuta kila asubuhi.

Mwongozo huu ni wa shule ya chata, yaani shule ya umma isiyotoza ada, inayoongozwa na bodi yake chini ya mkataba na mamlaka iliyoiidhinisha, na ambayo ilipokea fedha za ESSER (msaada wa dharura wa shirikisho kwa shule wakati wa korona), mkopo wa PPP (mkopo wa kulinda mishahara ya wafanyakazi), au vyote viwili. Palipo na mgogoro wa kisheria, muite mwanasheria. Mimi ni mtu wa daftari tu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze hatua ya kwanza kabla hujavipata. Kuanza na nusu ya karatasi ndiko kunakowafanya watu warudie kazi mara tatu.

- Barua ya kukabidhiwa kila ruzuku, pamoja na maombi, bajeti iliyoidhinishwa na marekebisho yake yote.
- Leja kuu kuanzia 13 Machi 2020 hadi malipo ya mwisho.
- Ripoti za mishahara za kila kipindi cha malipo, kwa jina la kila mfanyakazi. Taarifa ya benki haitoshi, kwa sababu inaonyesha jumla tu.
- Faili zima la PPP: maombi, mkataba wa mkopo, fomu ya kuomba kusamehewa (3508, 3508EZ au 3508S) na barua ya kusamehewa.
- Taarifa za benki za miezi hiyo yote.
- Mihtasari ya vikao vya bodi.
- Sera ya manunuzi na ya mgongano wa maslahi.
- Mkataba na kampuni inayoendesha shule, kama mnayo.
- Daftari la mali.

Kuhusu sera: tafuta ile iliyokuwa ikitumika wakati fedha zinatumika. Nimeona shule ikimpa mkaguzi sera nzuri mno iliyopitishwa 2023 ili kutetea manunuzi ya 2021. Alichojifunza mkaguzi ni kwamba mwaka 2021 hapakuwa na sera.

## Hatua ya 1: Jua shule yako ni nani mbele ya sheria

Katika baadhi ya majimbo shule ya chata huhesabiwa kuwa mamlaka ya elimu inayojitegemea, sawa na wilaya. Kwingine ni tawi la wilaya. Fedha za ESSER ziligawanywa kwa mamlaka za elimu kwa kufuata mgao wao wa Title I (fedha za shirikisho kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini), kwa hiyo jibu hapa ndilo linaloamua nani anaulizwa.

Ikiwa mnajitegemea, mgao ulikuja moja kwa moja kutoka jimboni, na kila kanuni ninayoitaja hapa chini ni mzigo wenu. Ikiwa mko chini ya wilaya, wilaya ndiyo inayojibu jimboni, lakini itawageukia ninyi kwa karatasi, na kwa kawaida itawapa siku chache kuliko jimbo lilivyoipa yenyewe.

Umefaulu ukiweza kuandika kwa sentensi moja nani aliwapa fedha, nani mnamripoti, na namba ya ruzuku ni ipi. Ibandike mbele ya faili.

## Hatua ya 2: Tenga mitungi

Watu husema “fedha za korona” kana kwamba ni mfuko mmoja. Ni mitungi minne, kila mmoja na mdomo wake.

ESSER ya kwanza ilitoka kwenye Sheria ya CARES iliyotiwa saini 27 Machi 2020. Mwisho wa kuahidi matumizi ulikuwa 30 Septemba 2022.

ESSER ya pili ilitoka kwenye sheria ya 27 Desemba 2020. Mwisho ulikuwa 30 Septemba 2023.

ESSER ya tatu, wengi wanaiita ARP, ilitoka kwenye sheria ya 11 Machi 2021. Mwisho ulikuwa 30 Septemba 2024, na malipo yenyewe yalitakiwa yakamilike kufikia 28 Januari 2025.

PPP ni mkopo wa benki uliodhaminiwa na SBA, shirika la serikali la biashara ndogo. Hauna uhusiano wowote na Idara ya Elimu.

Kwenye vitabu, ESSER ya kwanza na ya pili zina namba moja ya orodha ya misaada ya shirikisho, 84.425D. Ya tatu ni 84.425U. Hapa wengi hujikwaa: wakiona 84.425D wanachanganya mitungi miwili. Itofautishe kwa namba ya ruzuku yenyewe: ya kwanza huanza na S425D20, ya pili S425D21.

Sasa angalia tarehe za kila matumizi. Neno “kuahidi” lina maana yake ya kisheria, na maana hiyo hubadilika kulingana na kitu kinacholipiwa. Kwa mwajiriwa wa shule, ahadi hufungwa siku anapofanya kazi. Kwa mkandarasi, au kwa kitu cha kununua, ahadi hufungwa siku mnaposaini hati inayowabana.

Kwa hiyo mshahara wa mwalimu kwa kazi ya Oktoba 2024 hauwezi kuingia ESSER ya tatu, hata kama bajeti iliuonyesha na hata kama fedha zilibaki. Lakini ankara ya mkandarasi iliyolipwa Novemba 2024 inaweza kuingia, mradi mkataba ulisainiwa kufikia 30 Septemba. Nikikuta kosa la tarehe, mara nyingi huwa ni hili la mshahara.

Baadhi ya shule ziliombewa na majimbo yao muda wa ziada wa kulipa, hadi 28 Machi 2026. Mwezi Machi 2025 Idara ya Elimu ilitangaza kuusitisha muda huo, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani. Kama mlikuwa kwenye kundi hilo, hifadhi kila barua ya idhini, ya kusitishwa na ya baada ya hapo, kwa mpangilio wa tarehe.

Umefaulu jumla ya kila mtungi kwenye leja ikilingana, hadi senti, na jumla ya fedha mlizodai kutoka jimboni. Kama kuna tofauti ya dola 40, itafute. Nyuma ya dola 40 mara nyingi kuna makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana.

## Hatua ya 3: Hakikisha hakuna mshahara uliolipwa mara mbili

Ukiwa na siku moja tu ya kufanya kazi hii, ifanyie hatua hii.

Shule nyingi za chata, kwa kuwa ni mashirika yasiyo ya faida yenye wafanyakazi chini ya 500, ziliweza kuchukua PPP mwaka 2020. Mkopo ulisamehewa kwa kuonyesha kwamba angalau asilimia 60 ilikwenda kwenye mishahara ndani ya kipindi cha wiki 8 hadi 24. Baadaye ESSER ikaja, nayo iliruhusu kulipia gharama kurudi nyuma hadi 13 Machi 2020. Vipindi viwili vikapandana, mhasibu wa shule ni mmoja, na orodha ya walimu ni ile ile.

Tuseme shule ilikopa dola 310,000. Kipindi chake cha wiki 24 kilianza 4 Mei 2020 na kuisha 18 Oktoba 2020. Mwalimu wa darasa la tatu analipwa dola 2,000 kila wiki mbili. Kwenye maombi ya kusamehewa, shule iliweka mshahara wake wote. Kuanzia Julai, nusu ya mshahara huo huo, dola 1,000, ikadaiwa ESSER kwa vipindi vinane. Dola 8,000 zimelipwa na serikali mara mbili, na hakuna aliyekusudia.

Namna ya kuligundua:

1. Fungua jedwali la Excel. Kila mstari ni mfanyakazi mmoja kwa kipindi kimoja cha malipo.
2. Weka safu ya mshahara wote, kisha safu ya PPP, ya ESSER, ya Title I, ya ruzuku nyingine na ya fedha za jimbo.
3. Jaza safu ya PPP kutoka kwenye orodha mliyopeleka benki, na ya ESSER kutoka kwenye madai mliyopeleka jimboni. Usijaze kwa kukumbuka.
4. Safu ya mwisho ijumlishe vyanzo vyote na kutoa mshahara. Jibu likizidi sifuri, umeupata mstari wenye ugonjwa.

Usishtuke mapema. Shule ya mfano wetu ilikopa dola 310,000, lakini mishahara yake ya wiki 24 inakaribia dola 680,000, kwa sababu mkopo wa PPP ulipimwa kwa miezi miwili na nusu ya mishahara. Kwa hiyo kama orodha iliyokwenda benki ilikuwa ya mishahara yote, ipo nafasi ya kuandika waraka unaoonyesha ni mishahara ya akina nani hasa iliyobeba zile dola 310,000, ukiwaacha nje waliolipwa na ESSER. Waraka huo uwe na tarehe ya leo, sahihi ya mhasibu na ya mweka hazina wa bodi, na jedwali lako nyuma yake.

Kama orodha iliyokwenda benki ilikuwa fupi na inalingana na mkopo kamili, nafasi hiyo haipo. Mtalazimika kurekebisha upande wa ESSER, na hilo nalizungumzia kwenye hatua ya 9.

Kumbuka mtungi wa pembeni: kama shule ilidai mamlaka ya kodi punguzo la kubakiza wafanyakazi, mshahara uliotumika kusamehewa PPP hauwezi kuhesabiwa kwenye punguzo hilo. Ongeza safu yake.

Onyo. Watu huchanganya kulipa mara mbili na kuhamisha chanzo. Kwa ngazi ya shirikisho, ESSER haikuwa na sharti la kuongeza tu juu ya fedha za jimbo. Mliruhusiwa kulipa kwa ESSER mwalimu aliyekuwa akilipwa na jimbo, mradi matumizi hayo yanaruhusiwa. Nimewahi kumkuta meneja wa ofisi akitaka kurudisha fedha halali kwa sababu ya hofu hii. Muulize afisa wa jimbo lako kama kuna sheria ya jimbo inayosema vingine, kisha uache kuhangaika.

Umefaulu safu ya mwisho ikiwa sifuri au chini yake kwa kila mstari. Chapisha, weka sahihi, weka mwanzoni mwa faili.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwamba kazi ilifanyika

Jedwali linaonyesha fedha. Halionyeshi kwamba mtu alifanya kazi ya ESSER. Kanuni za shirikisho, kifungu cha 200.430 cha 2 CFR (kitabu cha kanuni za ruzuku za shirikisho), zinataka kumbukumbu zinazoakisi kazi halisi iliyofanywa. Makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi.

Kwa mfanyakazi ambaye muda wake wote ulikuwa wa lengo moja, majimbo mengi hukubali hati ya uthibitisho kila miezi sita, yenye sahihi yake au ya msimamizi anayeijua kazi yake. Kwa aliyegawa muda, asubuhi darasani kwa fedha za jimbo na jioni kwenye masomo ya ziada ya ESSER, wekeni mgawanyo wa kila mwezi.

Sasa lile ambalo hakuna anayependa kuliuliza kwa sauti: kama hati hizo hazikuandikwa wakati ule? Usiziandike leo na kuzipa tarehe ya 2021. Huko ni kughushi, na kosa la karatasi linageuka kesi. Andika maelezo yenye tarehe ya leo, useme wazi kwamba yameandikwa baadaye, na uyategemeze kwa ushahidi wa wakati ule: ratiba ya masomo, mahudhurio ya wanafunzi, barua ya ajira, barua pepe za kupanga zamu. Mkaguzi anaweza kukuandikia hoja. Hoja ya udhaifu wa kumbukumbu ni nyepesi mno kuliko hoja ya udanganyifu.

Umefaulu ukiweza kuchagua jina lolote kwenye jedwali la hatua ya 3 na kupata karatasi yake ndani ya dakika mbili. Mwambie mtu mwingine achague jina. Ukichagua mwenyewe utachagua unalolijua.

## Hatua ya 5: Manunuzi

Kwa miaka ya ESSER, ngazi za shirikisho zilikuwa hivi: hadi dola 10,000 mliweza kununua bila kushindanisha bei, mradi bei ni ya haki, kutoka hapo hadi dola 250,000 mlihitaji bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, juu ya hapo, zabuni. Sera yenu au ya jimbo ikiwa kali zaidi, ndiyo inayotawala. Viwango vya shirikisho vimepanda tangu Oktoba 2025, kwa hiyo pima kila ununuzi kwa kiwango cha siku uliofanyika.

Kwa kila ununuzi mkubwa faili liwe na ombi, bei zilizoshindanishwa, sababu ya kumchagua muuzaji, mkataba au LPO (hati ya kuagiza bidhaa), ankara, uthibitisho wa kupokea mzigo na malipo. Kwa mikataba ya dola 25,000 na zaidi, ongeza karatasi kutoka SAM.gov inayoonyesha muuzaji hakufungiwa kufanya kazi na serikali. Kagua tarehe ya karatasi hiyo. Ikiwa ni ya baada ya mkataba, maana yake hamkukagua.

Shule nyingi zina barua inayosema “tulinunua bila kushindanisha kwa sababu ya dharura”. Mwezi Aprili 2020, barua hiyo inaeleweka. Kwa samani zilizonunuliwa 2023, mkaguzi ataisoma na kutabasamu. Vivyo hivyo kwa ankara tatu za dola 9,800 kutoka kwa muuzaji mmoja ndani ya wiki moja. Kila mkaguzi anaijua hesabu hiyo.

Mwisho, kila ununuzi uwe na sentensi moja inayoufunga na lengo la sheria: kuzuia, kujiandaa au kukabiliana na korona na athari zake. “Mashine za kuchuja hewa kwa madarasa manane yasiyo na madirisha yanayofunguka” ni sentensi nzuri. “Mahitaji ya shule” si sentensi.

## Hatua ya 6: Ujenzi na vifaa

Kwa ujenzi, ukarabati na vifaa vikubwa ilihitajika idhini ya jimbo kabla. Itafute barua hiyo. Kama shule imepanga jengo, weka na mkataba wa kupanga, kwa sababu utaulizwa kwa nini fedha za umma zimeboresha nyumba ya mtu.

Mkataba wa ujenzi unaozidi dola 2,000 unaangukia kanuni za Davis-Bacon: mafundi walipwe kiwango cha eneo hilo, na mkandarasi alete karatasi za mishahara zilizothibitishwa za kila wiki. Dola 2,000 ni kidogo sana. Hata kupaka rangi kunaweza kufika hapo. Kama hamkuzidai karatasi hizo, mpigie mkandarasi leo, kwa maana makampuni madogo hufungwa na simu hubadilika.

Kwa vifaa vya dola 5,000 na zaidi kwa kimoja, daftari la mali lionyeshe maelezo, namba ya kifaa, chanzo cha fedha na asilimia yake, mwenye hati, tarehe, bei, mahali kilipo na hali yake, na pawe na hesabu ya macho angalau kila miaka miwili. Kompyuta za wanafunzi ziko chini ya bei hiyo, lakini bado mnawajibika kuzilinda. Zilizopotea ziandikwe zimepotea. Mkaguzi haamini daftari ambalo kompyuta 300 zilikwenda kwenye nyumba 300 na zote zikarudi.

## Hatua ya 7: Asilimia 20, mpango wa kurudi darasani, na bosi asiye mwajiriwa

Mambo matatu, haraka.

Angalau asilimia 20 ya ESSER ya tatu ilitakiwa iende kwenye kufidia masomo yaliyopotea, kwa njia zenye ushahidi wa kitaalamu. Onyesha hesabu yake peke yake, na ushahidi uliotegemewa.

Shule zilizopokea fedha hizo zilitakiwa kuchapisha mpango wa kurudi darasani kwa usalama na kuupitia upya angalau kila miezi sita hadi 30 Septemba 2023. Hifadhi matoleo yote. Mpango ulitakiwa, kwa kadiri inavyowezekana, uwe kwa lugha wanayoielewa wazazi, au utafsiriwe kwa mdomo. Kama mna familia kutoka Kongo au Burundi zinazosema Kiswahili, tafuta tafsiri hiyo au kumbukumbu ya kikao ambapo ilisomwa.

La tatu linahusu kampuni za uendeshaji. Fedha za ESSER hazikuruhusiwa kufidia mishahara ya wakurugenzi ambao si waajiriwa wa shule au jimbo. Ada ya jumla mnayoilipa kampuni ndimo mshahara huo hujificha. Idai kampuni mchanganuo wa ada. Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa Idara ya Elimu alipitia shule 33 za chata na kukuta udhaifu wa udhibiti katika uhusiano wa shule 22 na kampuni zao, kwa hiyo wakaguzi wanajua pa kuchimba. Angalia pia kama mjumbe wa bodi, au mkewe, au mdogo wake, ana hisa kwa muuzaji yeyote. Aliyetangaza maslahi na kutoka kikaoni aonekane kwenye muhtasari. Kwa jamii zetu ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, hili litangazwe hata linapoonekana dogo.

## Hatua ya 8: Pima kama mlihitaji ukaguzi wa shirikisho

Jumlisha fedha zote za shirikisho mlizotumia ndani ya mwaka wa fedha: ESSER, Title I, elimu maalumu, chakula cha shule. Zikifika dola 750,000, mnalazimika kufanyiwa ukaguzi maalumu wa fedha za shirikisho. Kiwango kipya cha dola 1,000,000 kinahusu miaka ya fedha iliyoanza 1 Oktoba 2024 au baada yake. Kwa shule ambayo mwaka wake huanza 1 Julai, hiyo ni kuanzia Julai 2025. Mwaka ulioanza Julai 2024 bado ni wa 750,000, na hapo ndipo wengi waliruka ukaguzi wakidhani wamesamehewa.

PPP haiingii kwenye jumla hii. Ripoti hupelekwa kwenye hifadhi ya kitaifa ya ukaguzi ndani ya siku 30 baada ya kuipokea, au miezi tisa baada ya mwaka kuisha, lolote litakalotangulia.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja kwa kila mwaka, kuanzia 2020: jumla, kiwango, ukaguzi ulifanyika au haukuhitajika, tarehe ya kupelekwa.

## Hatua ya 9: Ukikuta kosa

Utalikuta. Andika ni nini, kiasi gani, lilitokeaje, na nani aliligundua. Mpelekee mweka hazina na mwenyekiti wa bodi siku hiyo hiyo, kabla halijawa uvumi.

Kisha tafuta gharama mbadala: matumizi mengine halali, ya kipindi hicho hicho, ambayo hayakulipwa na ruzuku yoyote. Kama jimbo linaruhusu marekebisho, kosa la dola 8,000 la mwalimu wa darasa la tatu linaweza kuhamia kwa mwalimu mwingine aliyefanya kazi inayoruhusiwa na ambaye hakuwa kwenye PPP. Usihamishe kimya kimya kwenye leja. Mwandikie afisa wa ruzuku wa jimbo kwanza, subiri jibu lake kwa maandishi. Kama mbadala haupo, ombeni utaratibu wa kurudisha fedha. Shule inayojitangaza hupewa mpango wa kulipa kwa urahisi kuliko inayokamatwa.

## Hatua ya 10: Funga sanduku, andika tarehe juu yake

Kumbukumbu za ESSER zikae angalau miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho ya matumizi ilipopelekwa, na kama kuna ukaguzi au kesi, hadi liishe. Za PPP ni miaka sita tangu mkopo usamehewe au ulipwe wote: uliosamehewa Agosti 2021, kaa nazo hadi Agosti 2027. Lakini tangu Agosti 2022 sheria inaipa serikali miaka kumi kushtaki udanganyifu wa PPP, kwa hiyo mimi ninayashauri masanduku ya PPP yakae hadi angalau 2031.

Nakala moja iwe ya karatasi, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni inayomilikiwa na shule. Sisemi akaunti ya mhasibu. Akaunti ya shule, yenye watu wawili wanaojua neno la siri. Na kama bodi imeamua kuifunga shule, pelekeni sanduku na daftari la mali kwa mamlaka iliyowaidhinisha, mkisainiana orodha, kabla mwenye jengo hajabadilisha kufuli.